Rivyu: nimelipa laki sita nikumbushwe kitu ambacho hakikutokea

Wadau habari zenu. Hii rivyu nimeichelewesha karibu mwaka mzima, kwanza ni aibu, halafu kuna tatizo kwamba yule jamaa wa huduma ya kwanza nilishampa nyota tano kwenye status yangu ya WhatsApp na watu saba wakaniomba namba nikawatumia, na najua wawili walienda kweli. Kwa hiyo mchukulie hii ni rivyu na hapohapo ni kuwaomba radhi hao saba. Majina ya sehemu zote mbili sitaji, ya kwanza sitaki kesi, ya pili yule mama mwenyewe alishasema hapendi kupostiwa.

Kwa wale wavivu wa kusoma: huduma ya kwanza ni jamaa wa hipnosisi, ile ya kulazwa kwenye kochi unapelekwa usingizi wa nusunusu halafu unaulizwa maswali, hapahapa Dar, nyota moja, na hiyo moja ni ya AC. Huduma ya pili ni mwanasaikolojia wa kawaida wa kukaa mkaongea, nyota nne, ya tano kaikosa kwa sababu ya mdada wa mapokezi nitamfikia huko mbele.

Sasa nianze. Mimi ni mtu wa Bukoba, mzaliwa wa 1989, naishi Kimara. Shida yangu ni maji, na sio kwamba siwezi kuogelea, ni kupanda chombo. Boti ya Zanzibar sijawahi kuimaliza bila kulia, na hata pantoni ya Kigamboni, ambayo ni dakika chache tu unaona ng'ambo kwa macho, nikiingia mikono inakufa ganzi, kifua kinabana, najiona nakufa mbele za watu wanaokula mihogo. Miaka yote nilikuwa nazunguka na gari kupitia darajani, nawaambia watu foleni ya pantoni inanichosha. Nilikuwa nimezoea. Mtu unaweza kuzoea kila kitu.

Halafu ikaja 6 Novemba 2022, ile ndege iliyoangukia ziwani pale Bukoba ikielekea kutua, watu 43 ndani, 19 wakafariki. Mimi nilikuwa nimekaa tu naangalia kwenye simu wavuvi wanaivuta kwa kamba, mara nikajikuta nimekaa chini chooni mlango nimeufunga na sijui nimefikaje. Kuanzia hapo usingizi ukaisha. Naamka saa tisa usiku, ile ile kila siku, na harufu ya ndizi mbichi puani wakati ndani hamna ndizi.

Ndio rafiki yangu mmoja akanitumia tangazo la Instagram. FUNGUA KILICHOZIKWA. Mwili wako unakumbuka usichokumbuka wewe. Sesheni moja laki moja na ishirini, ukilipia pakeji ya sita kwa pamoja unapunguziwa inakuwa laki sita. Nikalipa pakeji, maana sisi watu wa ofa mnatujua.

Sehemu yenyewe ni ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ngazi nyembamba, ila ukiingia ndani aisee pamependeza. Udi unafuka, pazia zito, kochi la ngozi ya bandia rangi ya kahawia, maji ya chupa ya bure, AC ya kweli sio zile za kupuliza vumbi. Ukutani kuna picha kubwa ya yule mzee wa Austria mwenye ndevu na sigara, Sigmund Freud, ndani ya fremu ya dhahabu, na pembeni yake cheti kwa Kiingereza. Cheti nilikisoma vizuri sesheni ya tano nikiwa namsubiri amalize simu. Kozi ya siku nne, kwa mtandao. Jamani soma cheti siku ya KWANZA.

Mwenyewe ni mtu mzuri, niseme ukweli. Mpole, anaongea taratibu, hakunigusa hata bega, hakunitongoza, hakuniuzia mafuta wala maji ya baraka. Anataka aitwe Dokta. Akanisikiliza kama nusu saa, akauliza, kwenye familia yenu kuna jambo lolote la maji? Nikamwambia lipo, mama yangu mdogo alikufa kwenye MV Bukoba, 21 Mei 1996, mimi nina miaka saba. Akaacha kuandika. Akaniuliza siku ile ulikuwa wapi. Nikasema sikumbuki.

Akasema: "Dada, umesema hukumbuki. Hujasema hukuwepo."

Nataka muiangalie hiyo sentensi vizuri maana hela yangu yote iliishia pale. Siku ile niliiona ni sentensi ya mtu mwenye akili sana, nikasisimka mwili mzima. Nilikuja kuielewa baadaye kwamba ile ilikuwa ni mbegu, akaipanda mbele ya macho yangu na mimi nikatoa laki sita niimwagilie maji.

Kwa vijana wasiojua, MV Bukoba ilitoka Bukoba jioni ya tarehe 20 ikapitia Kemondo, imejaa watu na mizigo na mikungu ya ndizi, asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka karibu kabisa na Mwanza, yaani watu wanakaribia kushuka. Ikaelea tumbo juu. Waliokuwa ndani walisikika wanagonga, waokoaji wakatoboa meli ili watoke, hewa yote iliyokuwa imeishikilia meli juu ikatoka, ikazama. Zaidi ya watu 800. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo. Wengi walizikwa Igoma, palepale Mwanza, na wengine hawajatoka ndani ya meli mpaka leo, na mama yangu mdogo ni mmoja wa hao ambao hawakuonekana. Kwetu Bukoba hamna ukoo ambao haukuguswa, sisi Wahaya tunasemwa kwamba tunapenda kuongea na kujisifia, lakini hili nyumbani kwetu halikuongelewa. Jina la mama mdogo likaacha kutajwa. Ilikuwa ukimtaja bibi anaamka anaenda shambani.

Basi. Sesheni ya kwanza ananishusha ngazi kumi za kufikirika, ukifika ya mwisho kuna mlango, nyuma ya mlango ni mwaka 1996. Sikuona kitu nikaona aibu kumwambia. Sesheni ya pili akaniuliza, unasikia upepo wa ziwa? Nikasema ndio, maana nimekulia ziwani upepo naujua. Kuna watu wengi? Ndio. Upande wako wa kushoto kuna nini? Na hapo sasa akili ikaanza kunipa vitu, sijui niwaelezeje, ni kama mtu akikuuliza rangi ya gari la kwenye ndoto unaipata tu. Nikasema kuna meli imelala kichwa chini, tumbo jekundu. Akasema vizuri, vizuri sana, kaa hapo hapo.

Sesheni ya tatu nilikuwa nimesimama kwenye bandari ya Mwanza nimeshikwa mkono, naona watu wamekaa juu ya tumbo la meli, naona mwanaume mmoja na mashine, nasikia hewa inatoka fssss. Nililia mpaka shati likalowa. Na niwaambie kitu ambacho mtu anayeponda hizi huduma hawezi kukwambia: nilitoka pale nimekuwa mwepesi. Nililala wiki mbili mfululizo kama mtoto. Ndio nikaweka ile status. Nyota tano, wapendwa msiteseke kimyakimya, namba hii hapa.

Sesheni ya nne akasema kuna mtu mzima nyuma yako, amekuziba mdomo usipige kelele, ni nani? Nikasema baba.

Sijui kwa nini nilisema baba. Nimejiuliza sana. Nadhani ni kwa sababu aliuliza ni nani, hakuuliza kama kuna mtu, na mtu mzima wa kiume aliyekuwepo maishani mwangu nikiwa na miaka saba alikuwa mmoja tu. Akanyamaza muda mrefu halafu akasema, kwa hiyo kwenye nyumba yenu kuna siri na baba yako anaijua. Sesheni ya tano na ya sita ilikuwa ni baba tu. Kwa nini alikuziba mdomo. Alijua nini kuhusu ile safari. Nani alimkatia shemeji yake tiketi. Nikatoka na hadithi kamili, baba ndiye aliyemlazimisha mama mdogo asafiri siku ile, na akanipeleka nikaona, na akanifundisha kunyamaza.

Baba yangu ana miaka 71, anapiga simu kila Jumapili akitoka misa. Nikaacha kupokea. Wiki ya kwanza, ya pili, miezi mitatu.

Desemba ya mwaka uliofuata mama akaja Dar, kaleta senene ndoo nzima. Tukakaa jikoni tunanyonyoa mabawa, akaniuliza bila kuniangalia, baba yako amekukosea nini. Nikamwagia yote. Bandari, meli, mkono mdomoni, tiketi. Mama aliendelea kunyonyoa senene kama wanne watano hivi, halafu akasema: "Mwanangu, wewe Mwanza uliiona lini? Wewe Mwanza umefika mara ya kwanza unaenda sekondari, mimi mwenyewe ndiye niliyekupeleka." Mei ile ya 1996 nilikuwa Bukoba nina surua, nimefungiwa chumba cha ndani macho hayataki mwanga, na taarifa tulizisikia kwenye redio, RTD, kama watu wengine wote. Baba ndiye aliyekuwa analala chini pembeni ya kitanda changu. Na tiketi mama mdogo alikata mwenyewe, alikuwa anakwenda kuchukua mzigo wa mitumba, baba alikuwa hata hajui kama ameondoka.

Nikabisha, si unajua. Nikamwambia mama nimeIONA. Akaniuliza ile meli ilikuwa rangi gani nikasema tumbo jekundu, akasema hiyo ndiyo picha ya gazeti, kila mwaka ikifika Mei wanaitoa. Mwanaume wa mashine na hewa kutoka, hiyo hadithi kila mtu Kagera anaijua hata aliyezaliwa 2005, imesimuliwa kwenye kila kijiwe cha kahawa. Kila kitu nilichokiona kule kwenye kochi kilikuwa ni kitu nilichokisikia au kukiona gazetini. Cha kwangu peke yangu hamna hata kimoja.

Hapo ndio nikaanza kusoma, usiku kwa usiku, na nitaweka machache hapa kwa sababu laiti ningeyajua kabla ningekuwa na laki sita zangu.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Elizabeth Loftus. Mwaka 1974 yeye na mwenzake waliwaonyesha watu filamu ya magari yanagongana, halafu wakawauliza spidi ilikuwa ngapi, ila wengine waliulizwa magari "yalipogongana" na wengine "yalipobamizana". Wa kubamizana wakataja spidi kubwa zaidi, na wiki moja baadaye walipoulizwa kama waliona vioo vimevunjika, wengi wao kuliko wale wengine wakasema ndio tuliviona. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika. Neno moja tu hilo. Mimi nilipewa sesheni sita.

Mwaka 1995 akatoa nyingine, yeye na mwanafunzi wake. Watu 24, kila mmoja anapewa visa vinne vya utotoni, vitatu vya kweli vimetoka kwa ndugu zake na kimoja cha kutunga, kwamba ulipokuwa mdogo ulipotea kwenye jengo la maduka ukalia ukaokotwa na mzee fulani. Karibu robo yao wakakikumbuka hicho cha kutunga, ama kidogo ama chote, na wengine wanaongeza na vya kwao ambavyo hawakuambiwa. Angalia kilichofanya kazi pale: jambo lenyewe linawezekana, anayekwambia unamwamini, na unaambiwa jaribu tena, fikiria vizuri. Ile kwangu mimi ilikuwa ni Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni.

Na yule mzee wa kwenye fremu nikamtafuta naye. Kumbe mwaka 1896 alisimama mbele ya madaktari wenzake Vienna akawaambia chini ya kila mgonjwa wa histeria, yaani wale wa kupata dalili za mwilini bila ugonjwa wa mwili kuonekana, kuna jambo baya alilofanyiwa utotoni likazikwa, na kazi ya daktari ni kulichimbua. Septemba mwaka uliofuata tu akamwandikia rafiki yake Fliess barua kwamba haamini tena. Na hipnosisi alikuwa ameshaiacha hata kabla ya hapo, akahamia kwenye kumwacha mgonjwa aongee chochote kinachomjia. Yaani mzee aliyetundikwa juu ya lile kochi aliiachia hiyo kazi babu yangu hajazaliwa, na hakuna aliyeshuka kumwambia Dokta wetu.

Iliyoniuma kuliko zote ni kesi ya California, baba mmoja anaitwa Gary Ramona. Binti yake alikwenda kutibiwa bulimia, ule ugonjwa wa kula sana halafu kujitapisha, hukohuko kwenye matibabu akaanza kukumbuka baba yake alimbaka utotoni, akapewa na dawa ya kumlegeza ili kuthibitisha. Familia ikavunjika, ndoa ikaisha, kazi akapoteza. Akawashtaki waliomtibu binti, na mwaka 1994 baraza la wazee wa mahakama pale Napa likampa ushindi, dola laki tano. Niliposoma nikaweka simu chini nikahesabu Jumapili ambazo sikupokea simu. Kumi na tatu.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika chini hapo kwamba unataka kusema watoto wanaosema walifanyiwa ukatili wanadanganya. HAPANA. Mwaka huohuo wa 1994 mtafiti Linda Meyer Williams alichapisha utafiti wa wanawake 129 ambao miaka kama 17 nyuma walipelekwa hospitali wakiwa watoto baada ya kunajisiwa, rekodi zipo, na wakiwa watu wazima asilimia 38 hawakulitaja lile tukio walipohojiwa. Kwa hiyo mtu anaweza kabisa asiwe na kitu kichwani ambacho kilitokea kweli, na mwingine anaweza kukikumbuka baadaye mwenyewe, akipita sehemu, akisikia harufu. Wataalam wenyewe wanagombana mpaka kesho kama huko ni kusahau kwa kawaida, ni kukwepa kufikiria, au ni kweli akili inafukia. Ninachosema mimi ni kidogo kuliko hapo: mtu akikuchimbia kwa hipnosisi, kinachotoka kinatoka na uhakika mkubwa, na ule uhakika hauna uhusiano na ukweli. Nilikuwa na uhakika na ile bandari kuliko nilivyo na uhakika na nilichokula jana.

Sasa huduma ya pili, ambayo nilikwenda Februari nikiwa nimechoka na sina hela.

Ni nyumba ya kawaida imegeuzwa kliniki, feni badala ya AC, viti vya plastiki, unasubiri. Mara ya kwanza nilisubiri dakika arobaini. Mdada wa mapokezi anaita watu kwa jina kamili kwa sauti ya konda wa daladala, na mapokezi yako wazi barabarani, yaani unakuja kutibiwa siri zako muuza chips wa nje anajua ukoo wako. Nyota imekatwa hapo. Wakirekebisha hilo naibadilisha rivyu siku hiyohiyo. Bei elfu hamsini kwa dakika hamsini, hesabu rahisi, hamna pakeji, nilipouliza pakeji yule mama mwanasaikolojia akacheka akasema ukipona mapema hela yako nitaiweka wapi.

Nikamsimulia kila kitu mpaka na ya hipnosisi, nikamuuliza, sasa wewe unaonaje, nilizika nini? Akasema: "Mimi sikuwepo, mama. Na sitakwambia kilichotokea hata nikikisia." Nilikasirika. Nimelipa elfu hamsini niambiwe sikuwepo? Ila nikarudi.

Kazi yake haina drama kabisa. Alinifundisha kupumua, kuitoa pumzi taratibu kuliko ninavyoivuta, jambo dogo mpaka unaona umeibiwa. Halafu maji. Wiki ya kwanza nikae tu Kivukoni kwenye kimbweta niangalie pantoni inaenda inarudi, nusu saa, niandike hofu yangu ni ngapi kati ya kumi. Wiki iliyofuata niingie hadi pale wanapokatia tiketi nirudi. Halafu niingie ndani kabla haijaondoka nishuke, mabaharia wakanizoea wakawa wananiita dada kigeugeu. Ndipo nikavuka, naye yupo kwenye simu, halafu peke yangu. Alisema hofu ukiikimbia inapata nguvu, ukikaa nayo inachoka yenyewe, kwenye kile kijitabu changu unaiona kabisa, tisa, nane, nane, sita, saba, nne.

Na alinipa homuweki moja ambayo iliniweza. Akasema wiki ijayo niletee jambo moja kuhusu mama yako mdogo ambalo halihusiani na meli.

Nikasema rahisi. Nikakaa nalo siku sita. Sikuwa nalo. Hata moja. Huyu ni mtu niliyelala naye kitanda kimoja tangu nina miaka mitatu, mama kaniambia, yeye ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, na mimi ninachojua juu yake ni jina la meli, tarehe, na idadi ya waliokufa. Nilirudi mikono mitupu nikiwa na aibu nikamwambia hamna, na yule mama hakusema chochote cha busara, akaandika tu, akaniuliza nani anayo.

Mimi miaka yote nilifikiri kilichozikwa ni tukio, kwa hiyo nikaenda kwa mtu wa kuchimba tukio. Kumbe tukio lilikuwa juujuu kabisa, lipo gazetini kila Mei. Aliyefukiwa ni mtu, na hakufukiwa kichwani kwangu, alifukiwa pale nyumbani, mezani, na watu wazima wote, kwa nia njema, funika kombe mwanaharamu apite. Mimi nilikuwa mtoto tu niliyefundishwa kutomtaja, na usipomtaja mtu miaka ishirini na saba anaisha. Hipnosisi haiwezi kumtoa mtu ambaye hayumo. Ilibidi nipige simu.

Baba nilimpigia kwanza. Nilikuwa nimeandika kabisa kwenye karatasi, naomba unisamehe, niliambiwa vitu, nikaamini. Akapokea, shikamoo, marahaba, nikaanza, akanikatiza: "Huko kwenu mtandao ulikuwa unasumbua eh?" Nikasema ndio baba, ulikuwa unasumbua. Akasema ndio maana. Akaanza kunieleza bei ya kahawa. Mnaona sasa tatizo letu.

Mama ndiye aliyefunguka, kidogokidogo, na mara nyingi akiwa anafanya kitu kingine kwa mikono. Kwamba mdogo wake alikuwa anatumia mkono wa kushoto na bibi alimchapa mpaka akakata tamaa. Kwamba alikuwa anatafuna kahawa kutwa nzima, mifuko yake yote ya gauni ina mabaki. Kwamba alidaiwa na nusu ya mtaa na alikuwa anapita njia za nyuma. Hiyo ya madeni nilicheka mpaka nikalia, maana na mimi ndivyo nilivyo.

Na akaniambia moja ambayo sikuitegemea. Baada ya wiki kadhaa mwili haukuonekana, babu akasema hawezi kukaa na kibanja, yaani shamba la nyumbani, hakina kaburi la mtoto wake. Usiku, bila tangazo, wanaume wachache tu, wakakata mgomba mzima, wakauvisha nguo zake, wakaushusha shimoni pale nyuma kwenye shamba kama wanavyomshusha mtu. Baba alikuwepo, ndiye aliyeukata. Watoto hatukuambiwa. Pale mahali mpaka leo hapapandwi kitu, na mimi nimepita hapo maisha yangu yote nikidhani ni udongo mbaya.

Nikamuuliza mama, mgomba mbichi ukikatwa si unatoa ile harufu? Akasema unatoa, na utomvu, baba alirudi ndani nao mikononi.

Mwanasaikolojia nilipomsimulia nilikuwa nimechangamka hatari, nikamwambia umeona, ndio ile harufu yangu ya saa tisa usiku, nimeipata! Akatabasamu akasema inawezekana. Inawezekana tu, hakuongeza. Nikamchukia kwa siku mbili.

Sesheni zimekuwa tisa, jumla laki nne na nusu, na sasa naenda mara moja kwa miezi miwili. Pantoni napanda, boti ya Zanzibar nimepanda mwezi wa nane, nililia kidogo tu tukiwa tunatoka Dar halafu nikalala. Saa tisa usiku bado naamka siku mojamoja. Kwa mtu anayeuliza kama nampendekeza, ndio, ila nenda na subira na ukifika mapokezi mwambie yule mdada jina la kutunga.

Kitu kimoja kimebaki. Tangu mama anisimulie ile ya mgomba nimeanza kuiona. Niko kitandani na surua yangu, naangalia dirishani, giza, kuna taa ya chemli, naona mgongo wa baba anainua panga, naona ule mgomba mweupe ndani unang'aa. Ipo wazi kabisa, na kila wiki inaongezeka kitu, wiki iliyopita nimemuona babu ameshika gauni lenye maua ya njano. Nikampigia mama nikamuuliza, kile chumba cha ndani nilichokuwa naumwa, dirisha lake linaangalia wapi?

Akasema barabarani.